Lililosemwa na Lililodokezwa: Somo Kutoka Kumbukumbu za Mkutano wa Juba, 1947

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha ufahamu, aghalabu huwauliza wanafunzi wake maswali ambayo majibu yake yamo wazi ndani ya habari waliyoisoma: nani alikwenda wapi, alikwenda siku gani, na alirudi na nini. Maswali ya namna hiyo yana faida yake, nasi hatusemi yaachwe. Lakini mwanafunzi akizoea hayo peke yake, huja akaamini kwamba maana yote ya maandishi imo katika maneno yaliyoandikwa, na kwamba akisha kuyarudia amekwisha kusoma. Wahenga wetu hawakuona hivyo. Walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba kuling'amua fumbo si kazi ya washairi na malenga tu. Ni kazi ya kila raia anayesoma hati ya serikali, gazeti au mkataba, na historia inatufundisha kwamba watu wakishindwa kuifanya hulipa kwa damu.

Tumechagua mfano wetu kutoka Sudan Kusini, katika nchi inayoizunguka Nesitu. Nesitu ni kijiji kilichoko mashariki ya Mto Naili, katika nchi ya Wabari, kando ya barabara itokayo Juba kwenda Nimule kwenye mpaka wa Uganda. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 192, ilitiwa lami yote mwaka 2012, na ndiyo mlango mkubwa wa Kiswahili katika nchi ile. Madereva wa malori, wafanyabiashara kutoka Kenya na Uganda, na wenyeji waliorudi kutoka ukimbizini wamekuwa wakiipita wakiwa na lugha yetu vinywani. Mwaka 2016 Sudan Kusini ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wa Nesitu na wa Juba ni jirani zetu, na huenda kesho wakawa wanafunzi wetu. Yafaa basi tuijue historia iliyoandikwa katika ardhi yao, kwa maana katika mwendo mfupi kutoka kijiji hicho ndipo zilipotungwa hati mbili zilizoamua mambo ya mamilioni ya watu, na zote mbili zilisema jambo moja huku zikidokeza jingine.

Dai la wazi na dai la ndani

Kabla hatujaingia katika historia yenyewe, hatuna budi kueleza maneno tutakayoyatumia. Dai la wazi ni lile ambalo mwandishi amelitamka, nasi twaweza kuliwekea kidole katika ukurasa. Dai la ndani ni lile ambalo mwandishi hakulitamka, lakini maneno yake hayasimami bila hilo, au yanamwongoza msomaji mpaka alifikie mwenyewe.

Kiswahili kina maneno madogo yanayobeba madai makubwa ya ndani. Tukisema, "Hata Juma amefaulu mtihani," dai la wazi ni kwamba Juma amefaulu. Dai la ndani ni kwamba Juma hakutazamiwa kufaulu. Tukisema, "Fulani ameacha ulevi," tumekwisha kumshuhudia kwamba alikuwa mlevi, ijapokuwa hatukumtaja kwa jina hilo. Tukisema, "Ni maskini lakini ni mwaminifu," neno "lakini" limewatukana maskini wote duniani, na msemaji ataapa kwamba hakumtukana mtu.

Tazama vilevile tofauti ya "hawa si tayari" na "hawa bado hawajawa tayari." Sentensi ya kwanza yaeleza hali tu. Ya pili, kwa neno "bado" na kiambishi "-ja-," inadai kwa ndani mambo mawili zaidi: kwamba watu hao wamo njiani kuelekea mahali fulani palipokwisha chaguliwa, na kwamba yuko mtu mwenye kipimo cha kuwapimia utayari wao. Nani amepachagua mahali hapo? Nani amekishika kipimo? Sentensi haisemi. Msomaji asiyeuliza atakuwa amekubali yote mawili bila kujua kwamba ameulizwa.

Tunawaomba walimu wenzetu wauweke akilini mfano huu wa "bado," kwa kuwa tutauona tena Juba.

Rejaf, 1928

Rejaf iko ng'ambo ya mto, upande wa magharibi, kusini kidogo ya Juba. Mwezi wa Aprili 1928 serikali ya kikoloni ya Sudan iliitisha hapo mkutano wa lugha, wakahudhuria maofisa, wamisionari na wataalamu wa lugha. Mkutano ulipendekeza zichaguliwe lugha chache za wenyeji, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilotuko na Kizande, ziandikwe kwa utaratibu mmoja wa herufi za Kilatini na zitumiwe katika shule za msingi za Kusini.

Mwalimu wa Kiswahili atausoma mwaka huo kwa makini, kwa sababu mwaka uo huo wa 1928 ndipo ulipofanyika mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mikutano hiyo miwili ilikuwa na dai moja la wazi, nalo ni kwamba mtoto wa Kiafrika hujifunza vizuri zaidi kwa lugha ya Kiafrika kuliko kwa lugha ya mgeni. Hapana mwalimu atakayelikana dai hilo. Lakini Mombasa walichagua lugha moja ya kuwaunganisha watu wa nchi nyingi, na Rejaf walichagua lugha nyingi za watu wa sehemu moja ya nchi moja. Kwa nini?

Jibu tunalipata tukiuliza ni lugha gani haikuonekana katika orodha ya Rejaf. Ni Kiarabu. Wakati ule Kiarabu cha mitaani kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya soko na kambi za askari huko Kusini, na ndicho kilichozaa Kiarabu cha Juba kinachosemwa mpaka leo. Kutochaguliwa kwake hakukuwa usahaulifu. Kimya nacho kina mshindo wake, na dai la ndani la Rejaf lilikuwa hili: Kusini isiwe sehemu ya ulimwengu wa Kiarabu.

Mtu anaweza kutushtaki kwamba tumelibuni dai hilo wenyewe. Ni haki yake, na hapo ndipo msomaji makini anapotofautiana na mzushi. Dai la ndani lazima lipimwe kwa ushahidi mwingine. Sisi twaupata nyuma na mbele ya mkutano. Nyuma yake ziko sheria za mwaka 1922 za pasi na vibali, zilizoiwezesha serikali kuzifunga wilaya za Kusini na kuwazuia wageni wasiingie bila ruhusa. Mbele yake iko barua ya sera ya tarehe 25 Januari 1930 iliyoandikwa na Harold MacMichael, Katibu wa Mambo ya Kiraia huko Khartoum. Barua hiyo ilisema wazi kwamba Kusini ijengwe kwa makundi ya makabila yanayojitegemea kwa mila zao, na kwamba pale lugha za wenyeji zisipotosha, Kiingereza kitumike badala ya Kiarabu. Lililodokezwa mwaka 1928 lilitamkwa mwaka 1930. Dai letu limepata shahidi.

Twaona hapa kwamba dai la wazi na dai la ndani vyaweza kukaa katika hati moja, na la wazi likawa kweli. Mtoto wa Kibari kweli hujifunza vema kwa Kibari. Ukweli wa la kwanza hauondoi haja ya kuliuliza la pili.

Juba, tarehe 12 na 13 Juni 1947

Sasa tufike kwenye hati yenyewe tuliyoikusudia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Sudan ilianza kuiandaa nchi kwa kujitawala. Mkutano wa Utawala uliofanyika Khartoum kuanzia 1946 ulipendekeza kuundwa kwa Baraza la Kutunga Sheria kwa Sudan nzima, Kusini ikiwamo, ijapokuwa hapakuwa na mjumbe wa Kusini katika mkutano huo. Wakati huohuo, tarehe 16 Desemba 1946, Katibu mpya wa Mambo ya Kiraia, James Robertson, aliandika barua ya kuibadili sera ya 1930. Alikiri kwamba watu wa Kusini ni Waafrika tofauti na wa Kaskazini, lakini akasema kwamba jiografia na uchumi vimeifunga Kusini na Kaskazini pamoja kwa maendeleo ya siku zijazo. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa Kusini walilalamika kwamba watu wa Kusini hawakuulizwa. Ndipo Robertson alipouitisha mkutano wa Juba, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti.

Msomaji azitazame vizuri tarehe hizo. Sera ilibadilishwa Desemba 1946. Watu wenyewe waliitwa Juni 1947. Kuliweka jambo katika ajenda "ili lizungumzwe," hali lilikwisha amuliwa miezi sita kabla, ni kusema neno moja na kudokeza jingine. Dai la wazi la ajenda lilikuwa kwamba wajumbe wameitwa kuyatafakari mapendekezo ya Khartoum. Dai la ndani lilikuwa kwamba swali la kama Kusini na Kaskazini ni nchi moja halimo mezani, na kwamba kilichobaki ni namna na wakati.

Waliohudhuria walikuwa magavana na maofisa wa Kiingereza, Wasudani wa Kaskazini wachache wakiongozwa kwa hoja na Jaji Muhammad Salih Shingeiti, na watu wa Kusini ambao wengi wao walikuwa machifu, makarani na maofisa wadogo wa serikali. Tukumbuke jambo hili: karani aliyekaa mbele ya mwajiri wake na kuulizwa maoni yake juu ya mipango ya mwajiri huyo hayuko katika hali ya mtu huru.

Siku ya kwanza Wakusini wengi walisema kwamba Kusini bado haijawa tayari kuingia katika baraza moja na Kaskazini. Hapa ndipo "bado" yetu ilipojitokeza. Waliotumia neno hilo walitaka kujilinda: walikuwa wakiomba muda. Lakini kwa kulitumia walijikuta wamekubali njia ambayo hawakuichagua. Mtu akisema bado hajawa tayari kusafiri, mwenziwe hatamuuliza tena kama anataka kusafiri. Atamuuliza lini.

Aliyeliona fumbo hilo kuliko wote alikuwa mzee asiyekuwa na shule kubwa. Chifu Lolik Lado, mtu wa Liria, mji ulioko mashariki ya Nesitu kwenye njia ya kwenda Torit, alitoa mfano wa ndoa. Kwa ufupi alisema kwamba msichana anayeposwa hutaka kwanza apate muda wa kusikia habari za huyo kijana kwa watu wengine kabla ya kutoa jibu, na kwamba Wakusini nao wahitaji muda kabla ya kukata shauri. Akaongeza kwamba wahenga wa watu wa Kaskazini hawakuwa watu wa amani, na kwamba vijana wao wasema hawana nia mbaya, lakini wakati ndio utakaoonyesha.

Hebu tuyachambue maneno hayo kama tuchambuavyo shairi. Dai la wazi ni kwamba Wakusini wapewe muda. Madai ya ndani ni mengi. Kwanza, mposaji aweza kukataliwa. Basi Kaskazini nayo yaweza kukataliwa. Pili, ndoa haifungwi na washenga peke yao. Basi Waingereza hawawezi kuifunga kwa niaba ya bibi harusi. Tatu, habari za mposaji hazitoki kwake mwenyewe. Basi ahadi zilizotolewa katika chumba kile hazitoshi kuwa ushahidi. Tatu hizo zote zimo, na mzee hakumkosea mtu adabu. Kwetu pwani kuna desturi ya kuhesabu kimya cha mwari kuwa ni kukubali. Chifu Lolik alihakikisha kwamba kimya cha watu wake kisihesabiwe hivyo.

Lakini siku ya pili mambo yaligeuka. Clement Mboro, aliyekuwa miongoni mwa waliotaka muda siku ya kwanza, alisema kwamba ameyafikiri mambo upya, na sasa aona kwamba njia bora ya Wakusini kujilinda ni kwenda Khartoum na kutunga sheria pamoja na Wakaskazini. James Tambura aliafiki. Mwenyekiti alipomuuliza sababu ya kubadili shauri, alijibu kwamba Jaji Shingeiti amesema wasipofanya hivyo hawatakuwa na sauti katika serikali ijayo ya Sudan, naye amelifikiri jambo hilo. Buth Diu alisema kwamba haitoshi Wakaskazini kutamka kwamba hawana nia ya kuwatawala wenzao. Lazima yawepo masharti ya ulinzi. Alitaja ardhi ya Kusini isikaliwe bila ruhusa, utawala wa wenyeji usiingiliwe, na iwepo sheria ya kumzuia mtu wa Kaskazini asimwite mtu wa Kusini mtumwa.

Namna muhtasari ulivyoyala maneno

Kwa miaka mingi baada ya hapo, wanasiasa na waandishi wengi wa Khartoum waliandika kwamba "huko Juba mwaka 1947 Wakusini walikubali umoja." Je, ni uongo? Tukishika dai la wazi peke yake, si uongo mtupu, kwani wako waliosema waende Khartoum. Lakini ni muhtasari ulioyala maneno yaliyobeba uzito.

Irudie sentensi ya Mboro: njia bora ya Wakusini kujilinda. Neno "kujilinda" halisimami bila adui au hatari. Mtu hajilindi na jambo analolipenda. Basi sentensi hiyo ilikuwa na dai la wazi, twende Khartoum, na dai la ndani, iko hatari Khartoum. Tambura naye hakusema kwamba umoja ni mwema; alisema kwamba wasiokwenda watakosa sauti. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeonyeshwa milango miwili na kuambiwa mmoja utafungwa. Na maneno ya Buth Diu yalikuwa ni sharti. Katika sarufi twafundisha kwamba sentensi ya masharti ina sehemu mbili, na kwamba ukiikata sehemu ya "kama" sentensi imekufa. Waliofupisha mkutano wa Juba walikata "kama" wakabakiza "tutakubali."

Hapa mwalimu anayefundisha ufupisho ana somo kubwa la kuwapa wanafunzi. Ufupisho mwema huondoa mapambo na kubakiza masharti. Ufupisho mbaya huondoa masharti na kubakiza mapambo. Mtihani wetu humwadhibu mwanafunzi aliyezidisha idadi ya maneno, ni vema umwadhibu zaidi aliyepunguza "ikiwa," "mpaka" na "isipokuwa."

Yuko pia shahidi wa tatu, Robertson mwenyewe. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Transition in Africa, kilichotolewa mwaka 1974, aliandika kwamba aliuitisha mkutano ule ili kuupima uwezo wa Wakusini tu. Alisema si sahihi kudai kwamba wajumbe wa Kusini walikubali kuungana na Kaskazini, kwa sababu hawakuwa wametumwa na watu wao kukata shauri lolote, na kwamba uamuzi uliofuata ulikuwa wake yeye. Wengi waliosoma maneno hayo waliona jambo limekwisha: mwenyekiti amesema mwenyewe.

Sisi twashauri hata maneno hayo yasomwe kwa jicho lile lile. Dai lake la wazi lina uzito, kwa kuwa limetoka kwa aliyeshika kiti, na linaafikiana na tarehe tulizozitaja. Lakini yaliandikwa miaka 27 baada ya mkutano, baada ya vita vya miaka mingi vilivyomalizika 1972, na mtu aandikaye maisha yake huandika pia utetezi wake. Kusema kwamba mkutano ulikuwa wa kuwapima watu uwezo kuna dai lake la ndani: kwamba kipimo kilikuwa mkononi mwake, na kwamba waliopimwa hawakuambiwa kuwa wanapimwa. Hilo nalo ni ungamo, ijapokuwa mwandishi hakulitoa kama ungamo.

"Yatafikiriwa kikamilifu"

Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa Desemba 1948 likiwa na wajumbe 13 kutoka Kusini. Miaka sita baadaye, Waingereza walipokuwa wakiondoka, nafasi 800 hivi za utumishi ziligawiwa Wasudani. Zilizowafikia watu wa Kusini hazikufika kumi. Tarehe 18 Agosti 1955 askari wa Kusini waliasi huko Torit. Hofu iliyokuwa ndani ya neno "kujilinda" ilikuwa imetoka nje.

Mwezi wa Desemba mwaka uo huo Bunge la Khartoum lilitaka kutangaza uhuru. Wabunge wa Kusini walitaka serikali ya shirikisho, na bila kura zao tangazo lisingekuwa la taifa zima. Ikapatikana njia: tarehe 19 Desemba 1955 lilipitishwa azimio kwamba madai ya Wakusini ya kutaka shirikisho yatafikiriwa kikamilifu na baraza litakalotunga katiba. Wabunge wa Kusini wakapiga kura. Tarehe 1 Januari 1956 Sudan ikawa huru.

Tuisome ahadi hiyo. Dai la wazi: madai yatafikiriwa. Dai lililodokezwa, na ambalo wapiga kura walilisikia masikioni mwao: madai yatakubaliwa. Neno "kikamilifu" ndilo lililofanya kazi ya udanganyifu, kwa maana lilizidisha uzito wa ahadi bila kuongeza kitu ndani yake. Kamati ya katiba ilipofanya kazi yake, ikaeleza kwamba shirikisho limefikiriwa na madhara yake yameonekana kuzidi faida zake. Ahadi ilikuwa imetimizwa herufi kwa herufi. Mwezi wa Novemba 1958 jeshi likachukua serikali, na mlango ukafungwa kabisa.

Msomaji atatuuliza, je, wabunge wale wa Kusini walikuwa wajinga? Hasha. Walikuwa watu hodari waliobanwa na wakati. Somo tunalolipata ni kwamba dai la ndani halimfungi aliyelidokeza. Atakapoulizwa atasema, "Niliandika nini? Soma." Kwa hiyo katika mkataba, dai la ndani lenye kutufaa lazima litolewe nje na kuandikwa, na lile lenye kututhuru lazima litolewe nje na kukanwa. Kuacha lolote chini ya maji ni kumwachia mwenye nguvu zaidi alitafsiri.

Swali la mwaka 2011

Baada ya vita viwili virefu, na baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972 na mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu wa Kusini waliulizwa swali ambalo halikuwahi kuulizwa Juba. Kura ya maoni ilipigwa tangu tarehe 9 mpaka 15 Januari 2011. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili kwa ajili ya wasiojua kusoma: mikono miwili iliyoshikana, maana yake umoja, na kiganja kimoja kilichoinuliwa, maana yake kujitenga. Hapakuwa na "bado," wala "kikamilifu," wala mwenyekiti wa kufupisha. Waliochagua kujitenga walikuwa asilimia 98.83, na tarehe 9 Julai 2011 nchi mpya ikazaliwa.

Hatusemi kwamba swali wazi huleta amani peke yake. Vita vilivyozuka Juba Desemba 2013 baina ya wananchi wenyewe, na watu wa Abyei ambao kura yao iliyoahidiwa katika mkataba ule ule haikufanyika kwa wakati uliowekwa, yatosha kutukumbusha hilo. Tunasema tu kwamba swali wazi hupata jibu ambalo hakuna anayeweza kulifupisha apendavyo. Miaka 64 ya hoja juu ya kile kilichokubaliwa Juba ilimalizika siku saba.

Kazi ya mwalimu

Tumalizie kwa yale yanayoweza kufanywa darasani. Mwanafunzi apewe aya fupi, ya gazeti au ya historia, na aulizwe maswali manne kwa utaratibu huu. La kwanza: mwandishi amesema nini kwa maneno yake mwenyewe? Hapo ajibu kwa kuonyesha sentensi. La pili: ni jambo gani ambalo lazima liwe kweli ili sentensi hiyo isimame? Hapo atafute maneno madogo, hata, bado, tena, lakini, kujilinda. La tatu: ni nani au ni nini ambacho kingetazamiwa kuwapo, nacho hakikutajwa? La nne: ni ushahidi gani mwingine unaolithibitisha au kulikanusha dai la ndani tulilolipata?

Swali la nne lisiachwe hata kidogo. Yako maradhi mawili ya usomaji. Moja ni la yule anayeamini kila kilichoandikwa. La pili ni la yule anayeona hila katika kila mstari, akamtwisha mwandishi maneno ambayo hakuyasema wala kuyawaza. Wa pili hujiona mwerevu kuliko wa kwanza, lakini wote wawili hawasomi. Mmoja anameza, mwingine anaota. Dai la ndani lisilopata shahidi libaki kuwa swali, wala lisifanywe kuwa hukumu. Ndiyo maana sisi hatukutosheka na orodha ya Rejaf mpaka tulipoiona barua ya 1930.

Hatimaye tungependa kila mwalimu akumbuke kwamba Chifu Lolik hakuhitaji istilahi zetu. Alijua kwamba posa ina maneno yanayosemwa na maneno yanayonyamaziwa, na akayanena yale ya pili kwa mfano ambao hata mgeni aliufahamu. Karatasi iliyaandika maneno yake, lakini waliosoma kwa haraka waliyapita. Mtoto wa Nesitu leo aweza kuzisoma kumbukumbu zile mwenyewe, na mtoto wa Tanga, wa Kisumu au wa Bukavu vilevile. Tukimfundisha kuziona tabaka zote mbili za maneno, hatapitwa na maneno ya mzee huyo, wala hatamruhusu mtu mwingine ayafupishe kwa niaba yake.